Kompyuta ya Mezani na Mkoba wa Shanga

"Mgeuze kichwa aangalie ukuta," Sabina alinong'ona, huku akimsukuma kondoo wa jirani nyuma ya jiko. "Wakimwona kwa ubavu hawatajua."

Hyasinta alishika kamba, uso ukimwaka kwa aibu hata kabla wageni hawajafika. Kondoo alikuwa wa Mama Emmanueli wa nyumba ya tatu, mweupe mwenye kichwa cheusi, na kwa mbali alifanana kweli na yule aliyeuzwa. Alikuwa ameazimwa mpaka saa kumi jioni. Msichana mzima wa miaka ishirini na saba, mwalimu wa kwaya, ambaye nusu ya nyimbo za injili zilizotoka Karatu mwaka ule zilipita mikononi mwake, alikuwa ameazima kondoo ili amdanganye mama mkwe.

"Mama, tuwaambie tu ukweli."

"Ukweli upi? Kondoo ni kondoo. Wenye zizi zima kama wale watamkumbuka mmoja? Na huyo mama mwenyewe haoni vizuri, kaletwa hospitali kupimwa macho." Sabina alijifuta mikono kwenye kanga. "Halafu usiniangalie hivyo. Siku ile kamba ulifunga wewe."

Ni kweli. Kamba alifunga yeye, kwa mikono yake miwili, na hakuna aliyemshikia bunduki.

Tuanzie pale ilipoanzia, msomaji asije akamwonea huruma bure. Miaka miwili nyuma Saruni aliingia katika chumba chake cha kurekodia, chumba cha uani chenye trei za mayai zilizobandikwa ukutani, akiwa na simu iliyojaa nyimbo za mama yake. Alikuwa mrefu na mpole, akiongoza watalii wa kutembea kwa miguu kule kwao Nainokanoka, na alikuwa na ombi moja tu: sauti ya upepo itolewe kwenye zile nyimbo. Hyasinta alivaa hedifoni akasikiliza. Upepo ulivuma juu ya sauti ya mwanamke, na sauti ile ilikuwa tamu mpaka akasahau kwamba kuna mtu anamsubiri ajibu.

"Upepo hautoki," alisema mwishowe. "Huyu mama inabidi nimfuate nimrekodi mwenyewe."

"Basi mfuate," Saruni alisema, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika kwa mteja. Moyo wa Hyasinta ulikwenda na mtazamo ule, na haukurudi tena.

Mipango ikawa mingi, lakini yote ilisimama juu ya kitu kimoja. Wangechanga wanunue laptopu, maana kompyuta aliyokuwa akitumia ilikuwa ya kuazima kanisani. Saruni angefunga sola bomani kwao. Hyasinta angepanda na laptopu yake, arekodi akina mama wa kule, na wakishaoana angeishi Nainokanoka, akishuka Karatu kila kwaya zinapomwita. Alipokwenda kutambulishwa, Nashipai, mama yake Saruni, alimsimamisha mlangoni akamkabidhi kondoo jike. Tangu siku ile hawakuitana tena kwa majina. Kwa Wamasai, mkipeana kondoo mnaitana Paker, wewe Paker na yeye Paker, mpaka kufa.

"Huyu hauzwi," Saruni alimwambia walipokuwa wakimshusha kondoo. "Akizaa, na undugu wenu unazaa. Jina lenu linatembea na miguu yake."

Alimwambia kwa Kiswahili safi. Hyasinta hawezi kusema hakuelewa.

Ikafika siku ya kununua, dukani kwa Adrian karibu na stendi. Adrian aliweka laptopu upande mmoja wa kaunta na kompyuta ya mezani upande wa pili, akaanza kuhubiri.

"Dada, laptopu utabeba popote, ina chaji yake, sola ndogo tu inaitosha. Lakini ukifungua sauti thelathini kwa mpigo, inapata moto na kukwama katikati ya kiitikio. Hii ya mezani ina feni ya maana. Ikichoka unafungua ubavu, unaongeza RAM. Kioo kikubwa, macho hayaumi. Ila umeme ukikatika imezima, na haiendi kokote. Wewe utafanyia kazi wapi?"

"Nyumbani," Hyasinta alijibu.

"Nyumbani hapa Karatu?"

Hyasinta alimgeukia mama yake. Sabina, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, alijibu yeye. "Hapa, sasa wapi kwingine? Ya kukunja ni ya mtu wa safari. Mwanangu akalale kwenye nyumba ya mavi ya ng'ombe, achote maji na punda?"

Hyasinta angeweza kumkatalia. Badala yake alijikuta anasikia nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyomtia aibu mpaka leo. Kwa sababu hofu haikuwa ya punda wala ya baridi. Alikuwa anawaza wenzake wa kwaya watakavyosema, Hyasinta na elimu yake kaenda kuolewa porini. Mwaka jana Saruni alikuja kanisani kwao Jumapili amevaa shuka lake jekundu na viatu vya tairi, amependeza, na wenzake walipouliza ni nani, Hyasinta alisema, "Mteja wangu." Saruni alikuwa hatua mbili nyuma yake. Hakulitaja neno hilo hata siku moja.

Basi akachukua ya mezani. Hela zilitosha kompyuta, zikapelea kwenye kioo, na kondoo akapelekwa mnadani akawa kioo. Kwenye simu alimwambia Saruni, "Nimeshanunua kompyuta." Saruni alishangilia. Hakuuliza ipi, naye hakusema.

Wageni waliingia saa nane. Nashipai alitangulia, mwembamba na mnyoofu, shanga shingoni na shuka la bluu begani, kitu kimefungwa kwenye kanga kwapani. Hyasinta aliinamisha kichwa kama alivyofundishwa, na mama yule akaweka kiganja utosini.

"Takwenya, Paker."

"Iko, Paker," Hyasinta aliitikia, na jina lile lilimuunguza mdomoni.

Sabina alileta chai na viazi, akawa mwingi wa maneno kupita kawaida yake. Saruni alikuwa anamtazama Hyasinta juu ya kikombe, macho yamejaa furaha ya mtu anayeficha jambo zuri. Hakumtazama sana kwa ajili ya wazee, lakini kila alipomtazama, Hyasinta alihesabu vijiko mezani.

Nashipai alisema neno kwa Kimasai.

"Mama anaulizia kondoo wenu," Saruni alitafsiri. "Kama ameshazaa."

"Bado, bado," Sabina alirukia. "Yuko hapo nyuma, amenenepa huyo! Karibuni mumwone."

Wakaenda nyuma ya jiko. Kondoo wa Mama Emmanueli alikuwa anatafuna maganda ya viazi bila habari na mtu. Nashipai alikodoa macho yake yenye ukungu, kisha akachuchumaa, akapitisha mkono mgongoni, shingoni, halafu kwenye sikio la kushoto. Vidole vilikwenda ncha mpaka ncha ya sikio, vikasimama. Vikaenda la kulia, vikarudi tena la kushoto.

Hapo ndipo Hyasinta alipokumbuka. Mifugo yote ya kwa kina Saruni imekatwa alama sikioni. Kondoo wake alikuwa na pengo dogo sikio la kushoto, alishawahi hata kulitania.

Nashipai alisimama, akajikung'uta mikono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Anasema ni kondoo mzuri," Saruni alitafsiri. "Ametunzwa vizuri."

"Si nilikwambia!" Sabina alimnong'oneza binti yake walipokuwa wanarudi.  Hyasinta alitamani Nashipai angetukana.

Mlangoni pa chumba cha kurekodia Saruni hakuweza tena kujizuia. "Hyasi, ngoja kwanza. Kabla hujatuonyesha mashine, mama ana kitu chako."

Nashipai alifungua kanga. Ndani mlikuwa na mkoba wa ngozi laini ya ndama, bapa, umetandikwa kipande cha blanketi kwa ndani, na ukingo wote umeshonwa shanga nyeupe, bluu na nyekundu, mstari kwa mstari.

"Nilipima laptopu ya mwalimu mkuu kwa kipande cha katoni," Saruni alisema, akicheka. "Kashona miezi miwili, mpaka macho yakaanza kumwuma. Kasema Paker hawezi kupanda na kitu cha thamani kwenye mfuko wa rambo. Na sola nimeshafunga. Nimekutengenezea na kimeza, dirisha linatazama mlima Olmoti. Haya, iko wapi?"

Hyasinta alisukuma mlango. Hakuwa na jingine la kufanya.

Ilikuwa pale kwenye meza yake, imetanda: kasha jeusi miguuni, kibodi, nyaya, na kioo kipana kilichojaa nusu ya ukuta. Saruni alisimama kizingitini. Furaha ilimtoka usoni taratibu, na Hyasinta aliitazama ikitoka yote.

Nashipai aliingia na mkoba wake. Aliugusisha kwenye kibodi, akaushusha mpaka kwenye kasha, akaupandisha kwenye kioo. Akauliza kitu.

Saruni aliutazama mkoba. "Anauliza kipi kati ya hivi kinaingia humu."

"Hakuna," Hyasinta alisema.

"Hakuna," Saruni alirudia, kwanza kwa Kiswahili kwa sauti ya kujisemea, kisha kwa Kimasai.

"Ile ya kukunja inapata moto, baba," Sabina alidakia kutoka mlangoni. "Hata fundi alisema. Hii feni yake ni ya maana, na kioo je? Kioo kikubwa, macho hayaumi!"

Nashipai alipewa maneno yale, akakisogelea kioo, akakipapasa kwa kiganja kama alivyompapasa kondoo.

"Mama anasema kweli ni kizuri," Saruni alitafsiri. Hakumtazama tena Hyasinta. "Anauliza kama anaweza kuimba sasa."

Hyasinta alimkalisha, akamwekea maiki, akambana hedifoni juu ya hereni zake ndefu. Akabonyeza kurekodi. Nashipai alifumba macho, akaanza.

Hakukuwa na upepo safari hii. Sauti ilikuja tupu, nzito chini na nyembamba juu, na Hyasinta aliutambua wimbo. Ni ule wanaomwimbia bibi harusi anapokaribia boma, anapogoma kuingia mpaka atajiwe mifugo atakayopewa. Katikati ya maneno asiyoyajua lilipita moja analolijua: Paker. Likapita tena. Kila lilipopita, Hyasinta alikitazama kioo kilichonunuliwa kwa kondoo yule yule, na mara ya nne akajua kwamba atasema. Aliacha wimbo uishe. Akapiga magoti mbele ya kiti, maiki katikati yao, akasahau kuizima.

"Saruni, tafsiri."

"Nini?"

"Nitakachosema, tafsiri chote. Usipunguze."

"Hyasinta!" Sabina alifoka. "Nyamaza, mwanangu."

"Kondoo yule si wetu, tumemwazima kwa jirani. Wangu nimemuuza. Nimemuuza mwenyewe, mnadani, nikanunua hiki kioo. Sikulazimishwa na mtu. Nilijua hauzwi, nikauza." Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye mkoba. "Na sikuchagua hii mashine kwa sababu ya feni. Niliichagua kwa sababu haiendi kokote."

 Saruni alikuwa ameegemea trei za mayai, mikono nyuma. Kisha akasema na mama yake, polepole, kwa muda mrefu kidogo. Sabina aliondoka mlangoni, wakasikia anamfungua kondoo.

Nashipai alimwangalia mwanawe. Akamwangalia Hyasinta. Halafu akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wapeane kondoo akamwita kwa jina lake.

"Hyasinta," alisema.

 Hyasinta aliinamisha kichwa na kungoja kiganja utosini. Alingoja mpaka shingo ikauma, kisha akasikia bangili zikielekea nje.

Alimkuta Saruni getini, akimsubiri mama yake aagane na Sabina.

"Saruni."

"Ungeniambia hutaki kuja kwetu, ningeumia," alisema bila kugeuka. "Lakini ningesikia. Mimi ningekuja Karatu hata kila wiki. Kwani nilikulazimisha?"

"Hukunilazimisha."

"Sasa ulikuwa unaogopa nini?"

Hyasinta aliangalia chini. Angeweza kusema baridi, angeweza kusema mama. "Nilikuwa naona aibu watu wajue nakupenda."

Saruni aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa jibu la kipimo alichokwisha kukihisi. "Mteja wako," alisema. "Nilisikia." Akamshika mama yake mkono, wakashuka na barabara ya vumbi jekundu kwenda kutafuta gari la Nainokanoka, mashuka mawili yakienda sambamba mpaka kona ya kwa muuza mbao.

Aliporudi ndani, mkoba ulikuwa unaning'inia kwenye kiti. Wameusahau, au wameuacha, hakujua. Na kwenye kioo, kitone chekundu kilikuwa bado kinawaka. Mashine ilikuwa imerekodi kila kitu.

Alitaka kufuta. Badala yake alivaa hedifoni akarudisha nyuma, akajisikia mwenyewe akisema nimemuuza mwenyewe, sauti ya pua, ya kuchukiza. Ikafuata sauti ya Saruni kwa Kimasai. Hyasinta hakuwa na Kimasai cha kutosha kuombea maji, lakini kulikuwa na neno moja, la kwanza kabisa alilofundishwa na mtu huyu, siku waliyokuwa wakinyoosheana vidole na kucheka. Nanu. Mimi. Alilisikia mara moja, akarudisha nyuma. Nanu. Akarudisha tena. Katika maneno yote yale Saruni alilitaja mara tano, na jina lake Hyasinta hakulitaja hata mara moja.

Alimtumia ujumbe: Ulimwambia nini mama?

Jibu halikuja siku ile. Asubuhi Saruni alipanda kilimani kutafuta mtandao, akapiga. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu.

"Nilimwambia nimeuza mimi," alisema.

"Kwa nini? Nilikuomba usipunguze!"

"Kwa sababu mwanaume akimuuza huyo kondoo, ni ujinga wake. Mkwe akimuuza, amekataa undugu. Nilikuwa na hasira na wewe, Hyasi, bado ninayo. Lakini sikutaka akuone hivyo."

Hyasinta alikaa chini kwenye sakafu ya chumba chake. Aibu ya jana alidhani imefika mwisho wake, kumbe kulikuwa na nyingine chini yake. Mtu aliyemwita mteja mbele za watu alikuwa amejitia ujinga mbele ya mama yake mzazi kwa ajili yake.

"Na yeye akasemaje?"

"Kanyamaza mpaka tumevuka geti la hifadhi. Halafu akaniambia, 'Mwanangu, nauza kondoo mnadani miaka thelathini. Kiswahili cha nimeuza kondoo unadhani sikijui?'"

"Mungu wangu."

"Alijua toka alipogusa sikio. Kasema aliimba wimbo mzima akingoja ni nani ataanza kusema kweli, na hakuwa mimi." Sauti yake ilipungua. "Nimechekwa na boma zima."

"Mkoba," Hyasinta alisema, akiushika. "Mmeusahau huku."

"Mama hasahau vitu. Kasema jina lako ni zuri, ataendelea kulitumia mpaka hapo utakaposimama mlangoni kwake na kondoo wako mwenyewe, unayemtoa wewe. Ukimtoa wewe au akimtoa yeye, jina ni lile lile, Paker." Upepo ulivuma, akangoja upite. "Mimi sikuombi uje. Safari hii sikuombi."

"Najua."

Simu ilikatika, ama mtandao, ama yeye.

Saa nne Hyasinta alikuwa dukani kwa Adrian, na mwendesha bodaboda nyuma yake amekumbatia kioo kwa mikono miwili, kasha na kibodi vimefungwa kwenye pikipiki nje. Wenzake wawili wa kwaya walikuwa wanatoa kopi pembeni, wakageuka kutazama. Begani alikuwa amevaa mkoba wa ngozi na shanga, mtupu, unampiga piga kiunoni.

"Dada, imeharibika?" Adrian alishtuka.

"Nzima. Nataka kubadilisha, nipe laptopu ile. Inayobaki nirudishie, kuna kondoo wa kununua."

"Lakini nilishakueleza! Hii ni bora mara mbili. Ile itakwama, itapata moto, kioo kidogo."

"Ulinieleza."

"Huo mkoba mzuri, Hyasinta," mmoja wa wanakwaya alisema, akiugusa ukingo. "Wa Kimasai? Nani kakupa?"

Uso ulimwaka, kama kawaida yake. Safari hii aliuacha uwake.

"Mama mkwe wangu," alisema. "Wa Nainokanoka. Adrian, ilete niipime humu."